UGUMU SI UIMARA

Siku hizi gumzo la nyuklia limetoka magazetini likaingia hadi bwenini. Nchi yetu inataka kujenga kinu cha kuzalisha stima kwa nguvu za nyuklia. Mwanzoni tulisikia habari za Uyombo kule Kilifi, wenyeji wakaandamana mwaka wa 2024 wakisema hawakitaki. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kandokando ya Ziwa Victoria. Basi popote wanapokutana wanafunzi watatu, wawili hubishana na wa tatu huchochea. Mmoja atataja Chernobyl ya 1986 na Fukushima ya 2011. Mwingine atamjibu ati moyo wa kinu hufungiwa ndani ya chungu cha feleji chenye unene wa sentimita 20 hivi, na kwamba feleji hiyo, kadiri inavyokaa humo, ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. "Sasa kitu kinachozidi kuwa kigumu kitavunjikaje?" Hapo wasikilizaji hupiga makofi na mjadala ukaishia papo hapo.

Mimi nasema makofi hayo hupigwa mapema mno. Huyo msemaji wa pili amenena kweli, lakini kweli yenyewe inamsuta. Feleji iliyo karibu na moyo wa kinu huwa ngumu, tena sana, na ugumu huo ndio ugonjwa wake.

Kiswahili chetu si maskini hapa. Tuna neno gumu, tuna neno imara, na sote twajua kwamba maneno hayo si pacha. Tupa ya kunolea panga ni ngumu kuliko panga lenyewe, ndiyo maana inaweza kulila. Lakini ibane tupa hiyo kwenye jiliwa kule karakana, uipige nyundo ubavuni, itakatika pa! kama muhogo mkavu. Panga litapinda tu, utalinyoosha, na maisha yataendelea. Ama chukua kipande cha waya. Kikunje, kikunjue, kikunje tena. Utakisikia mkononi kinavyozidi kukaza, kila mara kikidai nguvu zaidi; halafu ghafla umeshika vipande viwili. Kule kukaza hakukuwa dalili ya afya. Wazee waliposema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa na habari ya vinu vya nyuklia, ila nadhani wangelielewa somo hili haraka kuliko wengi wetu.

Hebu tuingie ndani ya feleji tuone. Feleji ni chuma kilichotiwa kaboni kidogo na madini mengine kama vile manganizi na nikeli. Atomu zake zimejipanga safu kwa safu, mithili ya skauti kwenye gwaride. Chuma kinapopinda bila kuvunjika, safu moja huwa imeteleza juu ya nyingine. Lakini safu haitelezi yote kwa mpigo. Mtazame mtu anayetaka kusogeza turubai kubwa lililotandazwa uwanjani. Akilivuta lote mara moja litamshinda. Akiwa mjanja ataliinua ukingoni, afanye mkunjo kama wimbi dogo, kisha ausukume ule mkunjo hadi ukingo wa pili. Mkunjo ukifika, turubai lote limesogea hatua moja, naye hata jasho hajatoa. Ndani ya chuma mna mikunjo ya namna hiyo, mamilioni kwa mamilioni, na ndiyo inayokipa chuma unyumbufu wake. Sasa tawanya mawe juu ya turubai. Mkunjo utafika kwenye jiwe la kwanza ukwame. Itakubidi usukume kwa nguvu zaidi. Mawe yakizidi, turubai halisogei tena, na ukishikilia kulivuta kwa fujo litapasuka.

Mawe hayo ndiyo yanayoletwa na mnururisho. Atomu ya urani inapopasuliwa, nyutroni mbili au tatu huruka nje. Kila moja hutoka na nishati ambayo kwa wastani ni kama volti-elektroni milioni 2. Kuing'oa atomu ya chuma kutoka mahali pake kunahitaji kama 40 tu. Fanyeni hesabu wenyewe! Mliocheza gololi utotoni mnajua gololi moja iliyopigwa kwa hasira inavyotawanya fungu zima: ya kwanza inagonga ya pili, ya pili inagonga nyingine tano, na hizo nazo hazitulii. Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya ukuta wa feleji. Atomu nyingi hurudi mahali pake kabla hata ya sehemu ya bilioni ya sekunde kupita. Zile chache zisizorudi huacha mashimo nyuma yake na kujibanza katikati ya safu za wenzao. Mashimo hukusanyika, na atomu zilizohama nazo hukusanyika. Basi mawe yameshatua turubaini.

Jambo hili halikumshtukia mtu. Eugene Wigner, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Chicago, alibashiri mwaka wa 1942 kwamba nyutroni zenye kasi zitazihamisha atomu za vitu vilivyomo kinuni. Yeye alikuwa na wasiwasi hasa juu ya grafiti. Huo ndio mwaka ambao kinu cha kwanza duniani kiliwashwa, mjini humohumo. Kwa hivyo asije mtu akatuambia eti sayansi ilikuwa bado haijajua.

Kilichochukua muda kujulikana ni habari ya shaba. Hapa nitakaa kidogo, maana mimi hadithi hii hunisikitisha na kunichekesha kwa wakati mmoja. Chungu cha kinu hakikalibiwi kikawa kipande kimoja. Ni mabamba au pete nene za feleji zilizounganishwa kwa kuchomelea. Waya za kuchomelea hushika kutu upesi zikiachwa ghalani, kila fundi wa jua kali analijua hilo. Basi viwanda vya Marekani vikawa vinazipaka waya utando mwembamba wa shaba ili zisipate kutu. Akili nzuri, si ndiyo? Ila shaba ile iliyeyuka pamoja na waya ikaingia ndani ya kiungo. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 watafiti wakabaini kwamba feleji yenye shaba hata theluthi moja ya asilimia hukauka mbio inapopigwa na nyutroni. Yale mashimo yaliyoachwa na atomu zilizohama huzipa atomu za shaba njia ya kutembea, zikakutana, zikaunda vidonge vidogo kupindukia. Kila kidonge ni jiwe lingine juu ya turubai. Tangu miaka ya 1970 watengenezaji wamekuwa wakiipunguza shaba hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia. Lakini vyungu vilivyokwisha kuchomelewa vilikuwa tayari vimo ndani ya vinu, na huwezi kukichomoa chungu cha tani mamia kama mtu anayebadilisha betri ya redio. Kutu ya ghalani iliepukwa, ugonjwa ukaingia ukutani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tena inashangaza jinsi kinachohitajika kilivyo kidogo. Katika ukuta wa chungu, kwa muda wa miaka 40, ni chini ya atomu moja katika kila kumi inayopata kung'olewa mahali pake. Vifaa vilivyo ndani zaidi, vinavyouzunguka moyo wenyewe, ndivyo vinavyochapwa kwelikweli: kila atomu huhamishwa mara kadha wa kadha. Hivyo hutengenezwa kwa feleji ya aina nyingine, ile isiyoshika kutu, na nguvu inayohitajika kuipinda hupanda mara tatu hivi huku unyumbufu ukishuka vibaya. Mwaka wa 2016, katika kinu cha pili cha Indian Point karibu na New York, wakaguzi walikuta boliti 227 kati ya 832 za aina moja zikiwa zimeharibika au haziwezi kutegemewa. Bahati nzuri boliti hubadilishwa. Chungu habadiliki.

Tutajuaje basi chungu kimekauka kiasi gani, na hatuwezi kukata ukuta wake? Njia yenyewe ni rahisi hata mtu anaweza kuidharau. Unachukua kijiti cha feleji, urefu milimita 55, upana 10 na unene 10, unakichonga mfuo wa milimita 2 katikati, kisha unakipiga kwa nyundo inayobembea kama kengele. Nyundo ikishakivunja hupaa upande wa pili. Ikipaa juu, kijiti hakikuipunguzia nguvu: ni kikavu. Ikipaa chini, kijiti kilipigana. Jaribio hili linaitwa kwa jina la Mfaransa Georges Charpy, aliyelieleza mwaka wa 1901, na hadi leo hakuna aliyelistaafisha.

Ukirudia jaribio katika halijoto mbalimbali utaona maajabu. Feleji yenye joto hunyumbuka, feleji yenye baridi huvunjika kama kigae, na kati ya hali hizo mbili pana mpaka. Feleji mpya ya kinu mpaka wake huwa chini kabisa, katika baridi ambayo sisi wa huku tunaiona kwenye picha tu. Nyutroni huupandisha mpaka huo. Katika viungo vibaya vya zamani ulipanda kwa zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi. Kinu kinapofanya kazi, maji yake huwa na joto la nyuzi 290 au zaidi na shinikizo la kama mara 150 la hewa tunayovuta. Katika joto hilo hata feleji iliyozeeka bado inanyumbuka. Ndipo watu husema, "Si unaona? Hakuna shida." Ngoja kwanza. Dharura ikitokea, mitambo ya usalama humimina maji baridi ndani ya chungu. Uso wa ndani wa ukuta hutaka kusinyaa, uso wa nje bado ni wa moto haukubali, na kama shinikizo lingali juu, feleji huvutwa huku na huku. Ufa mdogo uliokuwa umelala tangu siku ya kuchomelewa unaweza kuamka. Yaani dawa ya moto ndiyo inayouchokoza ufa!

Mambo haya si ya ramli. Tarehe 20 Machi 1978, katika kinu cha Rancho Seco jimboni California, mfanyakazi alikuwa akibadilisha balbu ndogo kwenye meza ya swichi. Balbu ikamponyoka. Ikasababisha shoti, vipimo vingi vikakosa umeme, mitambo ikadanganyika, na maji ya kinuni yakapoa kwa zaidi ya nyuzi 150 za Selsiasi kwa muda wa saa moja na kitu, shinikizo likiwa lingali juu. Chungu hakikupasuka. Kilikuwa kichanga, nyutroni zilikuwa bado hazijakikausha. Wakubwa wa Marekani waliketi wakajiuliza ingekuwaje kama kingekuwa na miaka 30, na mwaka wa 1985 wakatoa sheria: mpaka ule wa ukavu ukikadiriwa kufika nyuzi 132 kwa mabamba na viungo vya wima, au 149 kwa viungo vya mzunguko, mwenye kinu athibitishe usalama wake ama azime.

Niseme haki hapa, maana sitaki kumtisha mtu bure. Chernobyl na Fukushima hazikusababishwa na ukavu wa feleji, na mpaka leo hakuna chungu cha kinu cha kibiashara kilichowahi kupasuka kwa sababu hii. Wanaopinga nyuklia wasilitumie jambo hili kama jini la kutishia watoto. Ila kisa cha kutopasuka ni kwamba kuna watu ambao kila baada ya miaka kadhaa huvunja vijiti. Ndani ya kinu, kati ya moyo na ukuta, hutundikwa vibweta vya vijiti vilivyokatwa kutoka feleji ileile na viungo vilevile. Kwa kuwa viko karibu zaidi na moyo, hupata nyutroni nyingi kuliko ukuta, kwa hivyo huzeeka kwa haraka. Kibweta kikitolewa na vijiti vyake kuvunjwa, ukuta unakuwa umeusoma uzee wake kabla haujaufikia.

Asiyekuwa na vijiti ana nini? Ana kubahatisha. Kinu cha Yankee Rowe huko Massachusetts kilianza kutoa umeme mwaka wa 1960. Vijiti vyake viliondolewa katikati ya miaka ya 1960 na mpango ule ukaachwa. Miaka ikapita, wenye kinu wakataka kiongezewe muda wa kuishi, na wakaguzi wakauliza swali dogo: feleji yenu imekauka kiasi gani? Vijiti hakuna. Hata kiasi cha shaba kwenye viungo hakikujulikana barabara. Kinu kikazimwa Oktoba 1991, na mwaka uliofuata wakatangaza hakitawashwa tena. Hebu fikiria! Kwa maoni yangu kinu kile kilizikwa kwa kukosa vipande vya feleji ambavyo vingeenea ndani ya mkoba wa shule.

Kuna tiba, nisije nikaambiwa nimeificha. Vinu vya Kirusi vya zamani vilikuwa na vyungu vyembamba ili viweze kusafirishwa kwa reli, kwa hivyo ukuta ulikuwa karibu na moyo na ulichapwa zaidi. Wenyewe wakabuni njia: unaondoa maji na mafuta ya nyuklia, unashusha tanuri la umeme ndani ya chungu, unakipasha kiungo kilichougua hadi atomu zirudi kwenye safu zake. Walifanya hivyo Novovoronezh mwaka wa 1987; Wafini wakafanya Loviisa mwaka wa 1996 kwa joto la nyuzi 475; Armenia nayo ikafanya mwaka wa 2021. Samaki mkavu akarudishiwa ubichi! Lakini hata tiba hiyo humfaa anayejua mgonjwa ameugua kiasi gani.

Sasa turudi nyumbani. Bara letu lina kinu kimoja tu cha stima kinachofanya kazi, Koeberg karibu na Cape Town. Kilianza mwaka wa 1984 na kilipangiwa miaka 40. Julai 2024 sehemu yake ya kwanza iliruhusiwa kuendelea hadi 2044. Marekani vinu kadhaa vimekwisha ruhusiwa kufikia miaka 80, na huko vijiti vimeanza kuwa haba hata watu huunganisha vipande vilivyovunjika ili wavivunje tena. Chukueni hesabu hiyo mlete kwetu. Tuseme kinu chetu kiwashwe 2035 na kiishi miaka 60. Kitazimwa 2095. Sisi tulio shuleni leo tutakivunjia vijiti vya kwanza, na atakayevunja vya mwisho hata mamake hajazaliwa.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, na hauhusu nyutroni hata kidogo. Sisi ni hodari wa kukata utepe. Mradi ukizinduliwa, wakubwa huja, ngoma huchezwa, bamba la ukumbusho hubandikwa. Miaka mitano baadaye pampu ya kisima imekufa na hakuna anayejua aliye na ufunguo wa chumba cha mashine. Kuvunja vijiti ni kazi isiyo na utepe. Hakuna mbunge atakayepigwa picha akikitazama kijiti cha milimita 55. Ndiyo maana nasema, kabla hatujabishana kama kinu kiende Kilifi au Siaya, tubishane kama tunao moyo wa kufanya jambo dogo lilelile kwa miaka 60 bila kushangiliwa. Kama tunao, mimi naunga mkono kinu. Kama hatunao, kisijengwe, hata tukipewa bure.

Nasikia mtu akisema, "Hayo ni ya mkandarasi wa kigeni." La hasha. Mkandarasi hujenga akaenda zake, chungu hubaki. Serikali imewahi kuwapeleka vijana Korea Kusini kusomea uhandisi wa nyuklia, na hilo ni jema. Lakini tunawahitaji pia mafundi wa metali, wale wa kukaa maabarani na nyundo ya Charpy nyuma ya ukuta wa kuzuia miali, maana kijiti kilichotoka kinuni hakishikwi kwa mkono. Tunahitaji maabara hiyo iwe hapa nchini, la sivyo tutakuwa tukisafirisha vijiti vyetu ng'ambo na kungoja kuambiwa hali ya chungu chetu.

Wakala wa nyuklia, NuPEA, ulioundwa kwa Sheria ya Kawi ya 2019, hufanya mikutano na wananchi. Wenzangu mnaotoka sehemu zinazohusika, wakija kwenu msiwaulize kama kinu kitalipuka. Swali hilo wamelizoea na jibu lake wanalo mfukoni. Waulizeni kiasi cha shaba kilichomo katika kila kiungo, na cheti kiko wapi. Waulizeni ni vibweta vingapi vitakavyotundikwa, kila kimoja kitatolewa mwaka gani, na kama matokeo yatatangazwa, kwa Kiswahili pia, mahali ambapo mvuvi wa Siaya anaweza kuyasoma. Kisha waambieni wakate bamba moja la feleji ileile, lisiloingia kinuni kabisa, liwekwe ghalani hapa nchini likiwa na namba yake, ili fundi wa mwaka wa 2070 awe na kitu cha kulinganishia.